Safu ya Maafa

Leja yetu ina safu saba.
Ya sita imeandikwa MAAFA, kwa mkono wa mhasibu aliyenitangulia,
herufi kubwa, wino mwekundu, kama mtu anayegonga kengele.
Shilingi ishirini kwa kila kilo ya korosho,
msimu hadi msimu, mnada hadi mnada,
zinateremka kwenye safu hiyo na kutulia.
Miaka kumi na moja sikuandika hata senti iliyotoka.
Tulikuwa tunasubiri maafa yaje na barua.

Hapa Newala ukungu hupanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma
ukalala juu ya mabati.
Wanawake wa kubangua huupasua saa kumi na mbili kasoro,
mgongoni mtoto, kichwani ndoo ya maji ya kununua.
Mafuta ya ganda yamewababua viganja
hata mashine ya vitambulisho iliwakataa,
ikasema hawana vidole.

Watoto wanakaa wapi?
Nilijua. Sote tulijua.
Chini ya meza, kanga imefungwa kifundoni,
ncha ya pili kwenye mguu wa benchi,
urefu wa kulifikia titi, usioufikia moto.

Siku Shaweji wa Esha Namtumba alipookota ganda
akalitia kinywani kama kipande cha muhogo,
midomo ilivimba ikafunga njia ya uji.
Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa napiga hesabu za salfa.
Nilisikia kilio, nikanyanyua kichwa,
nikarudi kwenye kikokotoo.
Naliandika hili hapa kwa kuwa leja haina safu yake.

Mkutano mkuu. Bwana Chilumba alisimama na katiba ya chama:
"Akiba haiozi, ndugu wajumbe.
Ubwiriunga ukirudi, mikorosho tutaipulizia uji wa watoto?"
Watu wakacheka. Hata mimi.

Esha hakucheka. Si mwanachama, hana mkorosho hata mmoja.
Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani:
"Akiba haiozi. Kweli.
Kilichooza ni kidonda cha mwanangu.
Nyinyi mnayangoja maafa. Mimi
nayafunga kwa kanga kila asubuhi, mkono wangu huu,
mafundo mawili, nikayaambia: tulia."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mtu alikohoa. Nje pikipiki ilizimika, ikawashwa tena.
Mwenyekiti akatazama saa, akanigeukia:
Mhasibu, kuna kiasi gani?
Nilikuwa nacho kichwani. Nilijifanya napekua.

Kura themanini na mbili kwa sabini na tisa.
Miezi sita tu, halafu tutaona.
Chilumba alikunja katiba yake akatoka bila kuaga,
na kesho yake akaleta mikeka miwili,
hakusema ni ya nini.

Ghala la zamani la salfa likapakwa chokaa.
Mvua ikinyesha bado linanuka.
Bi Somoe wa Kitangari ndiye mlezi,
watoto thelathini na mmoja anawaita kwa majina,
hakosei ila kwa mapacha wa Nannanje.
Siku ya kwanza Shaweji alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo,
akaketi, akaunyoosha mguu,
akasubiri kufungwa.

Leo nimeandika, safu ya sita, wino mweusi:
Unga wa uji, kilo kumi na mbili. Sukari.
Sabuni ya mche. Vipoti kumi.
Mshahara wa Bi Somoe, nusu; nusu nyingine anatudai.

Mkaguzi atakuja Machi kutoka mkoani.
Ataweka kidole papo hapo, aulize:
maafa gani haya yanayokunywa uji?
Sijui nitamjibu nini.
Nimeacha mstari mmoja wazi.